Janefer Hakuteleza

S.L.P. 214,
Litein.
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa dada Kemuma,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye mvua. Natumaini wale wazee unaowatunza huko Minnesota hawakuchoshi kupita kiasi, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mama anakula vizuri na bado anagombana na kuku. Majani ya chai yamejaa, barabara imeoza, na wakubwa waliotuahidi lami mwaka juzi wamerudi kutuahidi lami ile ile. Nimewaandikia gazetini. Safari hii wahariri walichapa barua yote.

Lakini sikukaa chini kwa ajili ya barabara. Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu ningeanza kubishana, na jambo hili halina upande wa pili.

Wiki tatu zilizopita ulimpigia Janefer ukamkaripia. Ulimwambia mwanamke wa umri wake hafai kuvaa ndara kwenye matope, na kwamba mkono uliovunjika ni malipo ya haraka zake. Akakujibu, "Ni kweli, dada, niliteleza." Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mke wangu, nikisikia kila neno. Nikaendelea kusoma gazeti.

Janefer hakuteleza. Mimi ndiye niliyemvuta chini.

Unajua daktari alivyosema kuhusu miguu yangu: sukari imeharibu mishipa ya fahamu, nyayo hazitambui tena ardhi ilipo. Nikifumba macho nayumba. Ndiyo maana ulinitumia ule mkongojo mwepesi wenye mpira chini, ukanieleza niushike mkono wa kulia kwa kuwa mguu wa kushoto ndio mbaya zaidi. Nilikujibu kwamba unanisaidia sana. Uongo. Niliutumia kuegemezea mlango wa banda la kuku.

Nina miaka hamsini na mbili, na huku kila mtu ananiita Mwalimu. Nimewahi kuwauliza wakurugenzi wa kiwanda cha chai maswali hadi wakaomba maji ya kunywa. Niliona kwamba siku watakaponikuta na mkongojo wataacha kunijibu na kuanza kunihurumia. Basi nikamshika Janefer. Kila tulipotoka, kanisani, sokoni, kituo cha kuuzia majani, nilipitisha mkono wangu ndani ya wake kama bwana harusi, na uzito wangu wote ukawa juu yake.

Watu walituona, wakaelewa kinyume. "Mwalimu, wewe ni bwana wa ukweli," jirani yetu Wilkista alisema siku moja tukiwa kwenye foleni ya mizani. "Wangu hata mwavuli hawezi kunishikia. Huyu mama miguu ilianza kumsumbua lini?" Wenzake wakacheka. Janefer naye akacheka. Mimi nikatabasamu kama mtu anayestahili sifa. Baada ya hapo kanisani wakaanza kumwombea apone.

Linalofuata ni baya zaidi. Unakumbuka Janefer alichaguliwa kwenye kamati ya kituo. Ndiye aliyepigana hadi lori likawa linafika mapema, majani yasiungue kwenye magunia. Wamama walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Mwezi wa tatu mwenyekiti, mzee arap Mosonik, alisema kwa upole kuhusu Janefer, "Mama Ryan tumpumzishe. Hii miguu yake na hii mvua, tutamuua bure. Ama namna gani, Mwalimu?"

Janefer alinitazama. Nikasema, "Ni sawa." Mimi ambaye sina jibu fupi hata nikiulizwa saa.

Mwezi wa tano nikaanguka kwenye mteremko wa kituo. Nilikuwa nimeushika mkono wake kwa nguvu, hakuweza kujinasua. Alitanguliza kiganja, nami nikamwangukia. Niliusikia mfupa ukivunjika. Watu walikuja mbio wakinipa pole kwa kuangushwa na mke wangu. Nikawashukuru.

Ulipokata simu siku ile nilimuuliza mbona hakukueleza. Akasema, "Wewe ndiye mwenye maneno hii nyumba. Nilikuwa nangoja uyatumie."

Alhamisi iliyopita kulikuwa na mkutano wa kituo. Nilikwenda na mkongojo, nikasimama mbele ya watu wote, Janefer akiwa nyuma na plasta yake. Nilisema mgonjwa ni mimi. Nilisema amenibeba karibu mwaka mzima, nimemvunja mkono, na kwamba kamati ilimwondoa kwa sababu ya uongo wangu. Hakuna aliyecheka. Wilkista aliangalia viatu vyake vya gambuti. Nikaomba mke wangu arudishiwe nafasi.

Arap Mosonik alikuna kidevu. "Mwalimu, hiyo kiti iko na mtu sasa. Hatuwezi kumtoa Mongina kwa sababu wewe umepata roho ya kusema leo. Ungesema ile siku nilikuuliza."

Uchaguzi mwingine wa kamati ni mwaka 2027.

Tulipotoka, Janefer alitangulia. Alipanda kilima bila kugeuka, mkono mmoja kifuani, nami nikabaki nyuma na mkongojo, hatua moja moja. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona akitembea peke yake. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwendo wa kasi. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza kikombe chake cha chai.

Dada, sikuombi unitetee kwake. Nakuomba umpigie, yeye peke yake, umwambie umeujua ukweli na maneno yale unayafuta. Mimi sitakaa kusikiliza. Simu ikilia nitatoka nje.

Wasalimie shemeji Onyiego na wasichana, Shirley na Tabby. Mama anauliza utakuja lini. Mjibu wewe, mimi nimechoka kumpa tarehe za kubuni. Mungu akupe nguvu za kuwainua wazee wako bila kuumia mgongo.

Ni mimi nduguyo akupendaye, niliyekudanganya,

Arasa