Watoto Wenyewe Wako Wapi?

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, 12 Julai

Kaka yangu mpendwa Jonathan,

Shikamoo, na pole sana na kambi. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, malengelenge ya miguu yakiwa yamekauka na afande wenu akiwa amepunguza ukali kidogo. Sisi huku tunapumua. Baba hajambo. Siku hizi kazi ya injini za mitumbwi anaipata zaidi upande wa Sengerema, basi anavuka daraja la Busisi alfajiri na kurudi jua likizama. Mama alisumbuliwa na kifua wakati wa upepo wa Juni, lakini ameshaanza tena kuuza dagaa. Bibi wa Shirati alipiga simu kuuliza kama jeshini wanakupa ugali wa mtama. Nilimwambia kwamba jeshini mtu hachagui, akacheka mpaka simu ikakatika.

Barua yako ilifika. Niliwasomea wote kwa sauti, na Mama akaniomba nirudie pale ulipouliza kama darasa la Okech limeshaanza. Nikarudia. Akainuka akaenda kuanua dagaa, ingawa mvua haikuwepo. Kaka, ulikuwa shuleni Tabora ukijiandaa na mtihani, halafu ukaenda moja kwa moja kambini, na kwenye simu tulikuwa tukikueleza nusunusu. Naomba nikueleze yote kwa mpangilio, kama Mwalimu wa Kiswahili anavyotufundisha.

Unakumbuka jinsi Mama alivyoanzisha umoja wa wazazi, baada ya daktari kusema kwamba mdogo wetu Okech si kiziwi wala hana pepo, bali ana usonji. Mwanzoni walikuwa wawili tu, yeye na Mama Ndalahwa, yule fundi cherehani wa Mabatini, ambaye alikuwa akimfunga mwanawe kwenye mguu wa cherehani ili apate kushona sare za watu. Mama alikwenda kule kila wiki, akakaa na yule mtoto, akamwonyesha mama yake namna ya kumtuliza, mpaka siku moja kamba ikatupwa. Baada ya hapo wazazi wengine wakasikia. Akaja hata mvuvi mmoja kutoka Igombe na binti yake mdogo begani. Ombi lao lilikuwa moja tu: chumba kimoja katika shule ya msingi iliyo karibu nasi, na mwalimu mmoja aliyesomea watoto wa namna hiyo.

Walizunguka ofisi nyingi. Kila walikokwenda waliambiwa wakae, wakakaa, kisha wakaambiwa warudi. Mwishowe ofisa mmoja, mama mpole tu, akawashauri kwamba jambo ambalo halijafanyiwa hafla halijulikani. Akasema waadhimishe Siku ya Usonji Duniani, wamwalike mgeni rasmi, naye ataahidi mbele ya watu, na ahadi ya mbele ya watu ni ngumu kuimeza.

Hapo ndipo nyumbani palipozuka mabishano. Mama alitaka viti tu na maneno machache, pasiwe na muziki, maana unajua Okech akisikia hata mashine ya kusaga anavyojing'ata mkono. Baba akasema sherehe bila spika ni msiba, na siku hizi hata misiba ina spika. Wazazi wengine wakamuunga mkono. Walihofu kwamba mgeni rasmi akikuta kimya atajiona amedharauliwa, na watu wa mtaani hawatasogea. Basi wakapatana: hafla ifanyike uwanja wa kanisa, spika zikodiwe, lakini watoto wakae ndani, katika chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa, pamoja na mito na dada mkubwa wa Ndalahwa wa kuwaangalia. Kila mtu aliona ni busara. Hata mimi niliona hivyo.

Siku ile tuliamka tukiwa na furaha, kaka, sitakuficha. Bango lilitundikwa barabarani. Wapita njia walisimama kulisoma, na mzee mmoja akauliza kama Usonji ni dhehebu jipya. Mshereheshaji wetu, Elias, akamjibu kwamba ndiyo, na sadaka yake ni kukaa na kusikiliza. Mzee akakaa. Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi, akafika baada ya mchana. Muda wote huo muziki ulipigwa ili watu wasiondoke.

Mimi ndiye niliyesoma risala. Nilieleza usonji ni nini, nikaeleza kwamba watoto hawa wanaweza kujifunza wakifundishwa polepole, nikaomba chumba na mwalimu. Mgeni rasmi alisikiliza vizuri, kwa kweli, na alikuwa akiandika. Kisha akasimama, akaangalia viti vya mbele, akaangalia na vya nyuma, akauliza:

"Watoto wenyewe wako wapi?"

Mama akasimama, akaeleza kwa adabu kwamba wako ndani kwa sababu ya kelele. Mgeni rasmi akatabasamu. "Mama yangu, mnaniomba darasa la watoto ambao macho yangu hayajawaona. Nikifika huko juu nikawaambie niliona viti?"

Watu wakapiga makofi. Nilisikia makofi yale, nikaona Mama anaangalia chini.

Angeweza kusema muziki uzimwe kwanza. Aliniambia baadaye kwamba wazo hilo halikumjia kabisa. Mgeni rasmi akiuliza, mtu huenda. Wazazi wote wakainuka, wakaenda nyuma ya kanisa, wakarudi wamewashika watoto mikono, wamewavalisha vizuri, kama watu wanaokwenda kupokea zawadi. Na yule kijana wa spika, kwa nia njema kabisa, akaona watoto hawaingii hivihivi. Akawawekea wimbo, akaongeza sauti.

Okech alianguka chini palepale. Alijiziba masikio, akapiga kichwa kwenye mchanga, akararua shati. Mama alipoinama kumshika, akamng'ata mkono. Ndalahwa akaanza kupiga mayowe. Binti wa yule mvuvi akajikojolea mbele ya meza kuu. Wasaidizi wa mgeni rasmi wakavuta meza nyuma. Mama mmoja akaanza kukemea pepo kwa sauti. Nyuma yangu mwanamke akasema huo si usonji, huyo mtoto amekosa fimbo tu, na mwenzake akamjibu kwamba fimbo zenyewe angeanza nazo mama mtu. Nilikuwa bado nimeshika risala. Baba akapita katikati ya watu, akambeba Okech begani kama gunia, akaondoka naye bila kuaga.

Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti. Alisema kwa masikitiko kwamba sasa ameona kwa macho yake, na jambo hili litafanyiwa kazi. Kisha soda zikagawiwa.

Watu walikuwa wamerekodi. Kabla ya jioni, simu za Pasiansi nzima zilikuwa zikimwonyesha mdogo wetu akigaragara. Unajua kwamba Mwalimu Mkuu, Mwalimu Obedi, alikuwa amemruhusu Okech kukaa nyuma katika darasa la kwanza kwa huruma yake mwenyewe. Hapakuwahi kuwa na malalamiko, kwa sababu watu walidhani ni mtoto mkimya tu. Baada ya video ile wazazi walikwenda shuleni kwa makundi. Wengine walisema atawang'ata watoto wao, wengine walisema atawaambukiza. Mwalimu Obedi aliwaita Baba na Mama, akawaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, akasema Okech apumzike nyumbani hadi hilo darasa litakapopatikana.

Jibu lilitoka mwezi wa tano. Ombi limepokelewa, na litatekelezwa chumba na mwalimu vitakapokuwepo. Mama Ndalahwa alipolisikia alisema kwamba chumba kinamsubiri mwalimu, mwalimu anasubiri chumba, na watoto wanasubiri wote wawili. Alicheka peke yake. Siku hizi wengi hawaji mkutanoni, wanasema ile hafla iliwaongezea aibu. Yule mvuvi hajaonekana tena.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Mama aliniambia nisikuandikie.

Okech akikaa nyumbani bila shule hatulii. Mimi niko darasani, Baba yuko ng'ambo, na Mama hawezi kukaanga dagaa huku amemshika mtoto. Akageuza shingo tu, Okech ameshatoka, na kila mara anakwenda kulekule, ziwani. Mara ya kwanza watu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, walimkuta maji yamemfika kifuani, anacheka, anaangalia jua linavyometameta. Mara ya pili hakuwa anacheka. Walimtoa, wakamkamua maji tumboni, akazinduka. Baba alipofika jioni ile alikaa nje ya nyumba, hakutaka kula, na hakuna aliyemwita.

Tangu wakati ule Mama anamfunga. Anamfunga mguu kwa kitenge kwenye mguu wa kitanda, kile kitenge laini cha zamani, ili kisimchubue. Umoja haujui. Jumamosi iliyopita walikutana sebuleni kwetu, wale wachache waliobaki, na alikuwepo mama mgeni kutoka Nyakato ambaye humfungia binti yake jikoni. Mama alizungumza naye vizuri sana, kaka, kama zamani. Nilimsikia akimwambia, "Dada, mtoto si mbuzi." Mimi nilikuwa chumbani na Okech, nimetumwa nimshughulishe asilie, na kitenge kilikuwa mguuni mwake. Yule mgeni akaaga akiwa na machozi ya shukrani. Mama akaingia chumbani, akakaa sakafuni, akasema, "Ningemwambia nini kingine?"

Na kuna siku ambazo Mama anatoka mapema kabla yangu. Siku hizo namfunga mimi. Hapigani. Akikiona kile kitenge anainua mguu mwenyewe.

Tafadhali usimwandikie Mama kwa hasira. Amechoka mahali ambapo siwezi kumfikia. Nimefikiria nikifaulu nisomee ualimu wa elimu maalumu, lakini nimepiga hesabu, na siku nitakayomaliza chuo Okech atakuwa ameshaota ndevu. Hata hivyo nitasoma, kwa sababu Ndalahwa ana mdogo wake, naye ameanza kuzungusha vifuniko vya chupa na haitiki akiitwa. Wewe ukimaliza mafunzo, naomba usipitilize kwenda kwa mjomba Dodoma. Njoo nyumbani kwanza. Tukiwa wawili tunaweza kumshika mikono yote miwili, tukampeleka ziwani aangalie maji, tukarudi naye. Hata kama ni Jumapili moja tu.

Ukijibu, tumia anuani ya shule yetu, usitumie ya nyumbani. Baba anakusalimu, anasema usile haraka na usigombane na wakubwa. Bibi anakusalimu. Mama anakusalimu sana, na anakuombea kila jioni kwa jina. Mama Ndalahwa anasema ukirudi atakushonea suruali, maana jeshi litakuwa limekuongezea mabega.

Nisamehe mwandiko umekwenda upande. Mama ametoka, nami nimemfungua Okech. Amekaa karibu yangu sakafuni, ametulia, na ninaandika kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umeshika shati lake.

Mdogo wako akupendaye,
Sharon Zadok