Sauti Iliyokwenda Nsungwi

Jumatatu, 2 Juni

Ikiwa umeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, ishia hapa, na usimwambie mtu, hasa Pasta. Nakusihi kwa jina la mama yako.

Baridi. Nimerekodi shukrani tangu asubuhi. Watu wa Lilongwe wanaotuchangia sisi wakimbizi wa kambini hawapendi barua, wanapenda kusikia watoto. Kwa hiyo kila mwezi naketi na watoto mmoja mmoja, narekodi kwa simu ya ofisi, natuma. Kazi hii ilikuwa ya kaka Justin. Alipoitwa kwenda Kanada, Pasta alinipa funguo: "Aline, sasa we njo mukubwa wa michango na habari." Mimi, karani. Simu ikilia naiacha ilie kwanza, nipate kupumua.

Leo zamu ya Riziki. Miaka minane, wazazi wake ni watu wa Fizi. Nilitoka kuchukua chai, nikarudi nikakuta amejirekodi peke yake. Nilisikiliza nikacheka hadi nikashika meza. Kisha tukarekodi nyingine, ya heshima, ya kumshukuru mama huyo kwa Kichewa kidogo: "Zikomo, Mayi Nyasulu, kwa chakula cha Jumamosi." Ile ya kwanza nilipaswa kuifuta. Sikuifuta. Nampenda sana mtoto huyu.

Nimetuma zote. Majina nimeyahakiki.

Jumatano, 4 Juni

Nimetuma ile nyingine.

Nilitaka kujichekesha kidogo kabla ya kumpigia mwenye ukumbi tunaokutania Jumamosi. Nikafungua sauti ya Riziki iliyobaki. Ikasema, "Zikomo, Mayi Nyasulu." Ile ya heshima iko hapa. Ya kwanza iko Nsungwi, kule Lilongwe, nyumbani kwa Mayi Nyasulu, na ameshaisikiliza. Alama zimekuwa bluu.

Alichosema Riziki ni hiki, nakiandika kilivyo:

"Mayi Nyasulu, moni. Mi njo Riziki. We unakuja na biskuti, unasimama, unaangalia saa, unaenda. Viatu vyako vinalia ko-ko-ko. Unacheka mu pua, hivi." Hapo anacheka puani. "Banasemaka huku kila mutoto iko na mulezi wake. We iko na nani? Kama hauna mutu, mi niko. Nitakufundisha kukaa chini. Dada Aline naye anaogopa simu, lakini yeye nitamufundisha kisha."

Mayi Nyasulu ndiye anayelipia ukumbi na sufuria zote za Jumamosi. Mwezi huu anaamua kama ataendelea. Akikataa, walezi wetu wa kujitolea na watoto hawatakuwa na mahali pa kukutana. Kwa sababu ya kidole changu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejifariji. Mayi Nyasulu ni Mmalawi, Kiswahili hajui. Amesikia jina lake, amesikia mtoto anacheka, basi. Nikaweza kula nsima, ugali wa huku.

Katikati ya sahani nikamkumbuka fundi Byamungu. Mkongo wa Bukavu, mwenzetu. Anashona sare za shule katika duka la Mayi Nyasulu la Biwi, mjini, na humtafsiria kila kitu.

Sikumaliza kula.

Ijumaa, 6 Juni

Nimempigia Byamungu.

"Dada, mi nilitafsiri yote. Na kile kicheko, nilikifanya."

"Ulifanya kicheko?"

"Alitaka akisikie tena."

"Akasema nini?"

"Akabeba mufuko wake, akatoka. Dada, mi niko na batoto. Unataka nipoteze kazi juu ya kale katoto kenu?"

Jumatatu, 9 Juni

Mayi Nyasulu anapiga. Anapiga tena. Naitazama simu ikitambaa mezani kama mdudu. Sijapokea. Ni aibu, najua.

Riziki alipita baada ya shule, akauliza dada yake huyu mwoga alituma sauti ipi. Nikamwambia ukweli: ya kwanza.

"Njo ile nilikuwa nataka," akasema, akaondoka akirukaruka.

Nilitaka kumkasirikia. Nikashindwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Pasta. Nilimchezea sauti yenyewe. Akazungusha kofia mkononi.

"Na mi? Haka katoto kanasemaka nini juu yangu?"

Nikasema sijui. Kumbe Mayi Nyasulu alishampigia yeye, kwa kuwa mimi sipokei. Anakuja Jumamosi. Hakusema kwa nini. Pasta anasema tuombe. Nimeomba. Hofu iko palepale.

Jumamosi, 14 Juni

Ko-ko-ko sakafuni. Watoto wote wakageuka. Hakuja na biskuti. Nikajua imekwisha.

Akasimama mlangoni, akauliza kwa Kichewa mlezi wake yuko wapi.

Riziki akanyoosha mkono. "Avue viatu kwanza."

Nilitafsiri. Akavua. Akashuka mkekani polepole, magoti yakilalamika.

"Na saa," akasema Riziki.

Saa ikaingia mfukoni. Hapo Mayi Nyasulu akacheka, puani kabisa, na watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Naye akazidi. Alikula sombe, kisamvu chetu, kwa mkono, akabaki mpaka sufuria zikaoshwa.

Akiaga alimwambia Pasta ataendelea, mradi zile sauti za heshima tuwapelekee wengine. Kisha akanigeukia. Alikuwa akinipigia kuuliza mtu huvaa nini kwa kukaa chini.

Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikalia kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada, somo langu la kwanza. Riziki aliazima simu ya baba yake, akajificha nyuma ya ofisi, akapiga. Nikapokea papo hapo. Hatukuwa na la kusema. Tulisikilizana tu tukipumua, kisha akakata.

Nawe uliyeokota daftari, kama umefika hapa, hukunisikia. Haidhuru. Nirudishie. Lilongwe panda minibasi ya kuelekea Dowa, shuka njia ya kambi, chukua kabaza, baiskeli ya abiria. Baiskeli zote zinajua ukumbi wenye mlango wa bluu. Uliza Aline wa batoto. Jumamosi ni bora, kuna chakula. Utavua viatu.

Au piga simu ya ofisi. Nitapokea.