Siku Kabula Alipowagawa Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Kagongwa tu wazima, na mguu wa babu yako umepona. Unaniuliza kama mwanao, kwa kuwa ana usonji, ni mgonjwa wa akili.

Dada yangu Kabula hakuwahi kusema sentensi nzima, na penye kelele aliziba masikio. Majirani walimwita kichaa, hata baba akakubali kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka huohuo tulihamia kijiji cha ujamaa. Siku ya kuogesha, ng'ombe wa kaya zote walichanganyika joshoni, wanaume wakaanza kuinuliana fimbo. Kabula akaingia katikati yao. Akamgusa ng'ombe mmoja, akasema, "Masanja." Akamgusa mwingine, "Shija." Aliwagawa wote kwa wenyewe, hakukosea hata ndama.

Mzee Masanja akavua kofia. "Huyu anaumwa nini?" akamuuliza baba.

Baba hakuitaja tena ile safari ya hospitali.

Kabula hakubadilika, mpaka uzeeni tulimfunga vifungo vya gauni. Alihitaji msaada, lakini ugonjwa sikuuona. Miaka yote tulilala mkeka mmoja, nami sikujua kwamba anaona yote yale.

Nibusie mwanao, kama anapenda kubusiwa.

Bibi yako,
Minza