Mgonjwa wa Mtihani

Duka la Ushonaji,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. U mzima? Unakula? Unalala? Usinijibu "naendelea vizuri, Mjomba," maana mama yako amelishwa jibu hilo kwenye simu tangu Desemba na bado ana njaa. Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako goti humsumbua asubuhi, ikifika mchana analisahau. Mimi ni mzima, ukiacha huu moyo ambao tabia yake unaijua.

Jumanne mama yako alikuja dukani akidai ameleta gauni la kupunguzwa kiuno. Nilipolikunjua nikaona halihitaji kupunguzwa popote. Akakaa kwenye kiti cha wateja akanieleza yote: kwamba umefeli tena mtihani wa ubingwa, si ule wa maandishi bali ule wa kitandani kwa mgonjwa, kwamba kanuni za chuo chenu zinaruhusu mara tatu tu, na ya tatu ndiyo ya mwisho, na kwamba kujiandikisha kunafungwa tarehe 31 mwezi huu, nawe umesema fomu hujazi.

Nimeumia, mwanangu. Sikukasirika hata chembe. Tulikuita Chiriku kwa sababu ulianza kusema kabla hujaota meno ya kutosha, na sasa umetunyamazia. Nyumba ina watu wengi lakini kimya chako tunakisikia.

Mimi ni fundi cherehani, sina la kukufundisha kuhusu udaktari. Ila nina jambo la kuungama ambalo mpaka leo analijua mkaza mjomba wako peke yake.

Unakumbuka kwamba hospitali ya huku hunialika kila mwaka niwe mgonjwa wa mtihani. Moyo wangu una mlio ambao madaktari wanausifia kama vile niliununua dukani. Miaka tisa nimelala kitanda namba nne, shati wazi, na madaktari wanaosomea ubingwa wanakuja mmoja mmoja. Kila mmoja ana saa moja ya kunihoji na kunipima, halafu wanaingia watahini wawili, naye anawaeleza hapo hapo mbele yangu nina ugonjwa gani. Kanuni yangu mimi ni nyepesi: nijibu ninachoulizwa, nisitaje jina la ugonjwa. Msimamizi hutusomea asubuhi tukinywa chai, nasi wagonjwa tunaitikia kama watoto wa shule. Kusema kweli nilivimba kichwa. Nilijiona nusu mgonjwa, nusu mtahini.

Mwezi wa kumi na moja aliingia dada mmoja wa umri wako. Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye koti lake jeupe: pindo limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mtu aliyejishonea asubuhi ile akiwa mbioni. Alinisalimu, akaniomba ruhusa, akakipasha moto kile chuma cha stetoskopu kiganjani kabla ya kuniwekea kifuani. Miaka tisa, na waliofanya hivyo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini mikono ilikuwa inamtetemeka. Akasikiliza, akasikiliza tena, kisha nikamsikia akijisemea chini chini, "Mungu wangu, na hii ndiyo ya tatu."

Wewe wakati huo ulikuwa umefeli mara moja. Nilikuona wewe pale, Chiriku. Uvumilivu ukanishinda, nikamnong'oneza: "Valvu ya moyo, ya kushoto, mwanangu. Imebana."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama kwa macho ambayo sijatazamwa nayo tangu siku nilipomchoma bibi harusi kwa pini akijaribu gauni. Alinifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, akatoka nje ya pazia, nikamsikia akimwambia msimamizi, "Mgonjwa amenitajia ugonjwa wake. Naomba nibadilishiwe."

Wakambadilishia. Kumbe ndivyo kanuni inavyosema. Mtahiniwa akiripoti papo hapo, anapewa mgonjwa mwingine na saa yake inaanza upya. Akinyamaza na baadaye ikajulikana, anafutiwa mtihani mzima. Mimi kwa huruma yangu nilikuwa namchimbia shimo dada wa watu.

Haikuishia hapo. Alikuja mtahini mmoja, mama mwenye sauti ndogo, akakaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza nilimwambia nini. Nikamwambia. Akafungua faili langu, akafunga.

"Mzee, valvu yako haijabana. Inavuja. Iko humu tangu mwaka wa kwanza. Nani alikwambia imebana?"

Nikafikiri. Hakuna daktari wangu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nimemsikia mtahiniwa mmoja, jamaa mrefu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, akilitamka neno hilo mbele ya kitanda changu kwa uhakika mkubwa, nami nikalibeba zima zima. Nikamweleza yule mama.

"Huyo tulimfelisha," akasema.

Basi ndivyo nilivyosomea ugonjwa wangu kwa mtu aliyefeli! Mkaza mjomba wako nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika, maana nilifikiria ingekuwaje kama yule dada angeniamini. Nimefutwa kwenye orodha ya wagonjwa wa mtihani, na wamenionea huruma kuishia hapo.

Januari nilikwenda kliniki. Aliyeita jina langu alikuwa yeye, dada wa uzi mweusi, sasa ni bingwa kamili. Nilitamani kujificha nyuma ya faili. Nikamwomba radhi palepale mlangoni. Akanikalisha, akacheka, akaniambia nilimtisha kuliko watahini wote. Alikuwa ameshasikia kwamba valvu inavuja. Nilipomwambia imebana akaanza kujitilia shaka, akaona hata akisema lipi, hatajua tena kama amesikia kwa masikio yake au kwa maneno yangu. Na kesho akiwa kazini, hakuna mgonjwa atakayemnong'oneza.

Nilimuuliza alipata wapi nguvu ya kujaza fomu mara ya tatu. Akasema hakuwa na nguvu yoyote. Alikaa wiki nne hajagusa kitu, kisha akaomba maelezo ya watahini kwa maandishi, jambo ambalo alikuwa akiliogopa kuliko kufeli kwenyewe. Karatasi ilipokuja ilikuwa na mistari mitatu. Hakuna mahali walipoandika kwamba hajui.

Juzi nilimwomba mama yako kile kijitabu cha kanuni ulichokiacha kabatini. Nimekisoma chote, na miwani yangu unaijua. Kanuni ya kumi na nne: aliyefeli ana haki ya kuomba maelezo ya watahini. Hukuomba, Chiriku. Najua kwa nini hukuomba. Mimi pia barua nyingine huziweka chini ya cherehani wiki nzima kabla ya kuzifungua. Lakini nitabahatisha walichoandika: kwamba unamsikiliza mgonjwa mpaka saa inakwisha hujamgusa kifua. Nikikujua ninavyokujua, ulimuuliza habari za wajukuu wake. Kama ni hilo, mwanangu, hilo ni la kupunguza kiuno tu. Kitambaa ni kizuri.

Mama yako anasema una likizo ya wiki mbili mwezi wa nne. Njoo. Mimi sasa si mgonjwa wa mtihani wa mtu yeyote, kifua changu hakifungwi na kanuni. Nitalala juu ya meza ya kukatia vitambaa, mkaza mjomba wako ashike saa, nawe unipime kila siku mpaka dakika zikutoshe. Ukitetemeka, tetemeka. Mimi sina haraka.

Utasema katika barua hii hii nimekwisha kukutajia ugonjwa. Lo! Kweli nimeharibu tena. Basi jirani yangu fundi viatu ana kifua kinachokoroma, na hakuna anayejua kina nini, hata yeye mwenyewe. Nimeshamwomba, amekubali, ila anataka umpashie moto kile chuma.

Wote wanakusalimu: mama yako, ambaye gauni lake nimelirudisha kama lilivyokuja, mkaza mjomba wako na goti lake, kaka yako, anayesema amekuwekea chumba, na fundi viatu, ambaye tangu jana anajiita mgonjwa wako. Mungu akutulize mikono, na siku ukitoka mle ndani, iwe vyovyote, akufikishe kwetu salama.

Jaza fomu, Chiriku. Safari hii nitanyamaza.

Ni mimi nikupendaye, uwe bingwa usiwe bingwa,
Mjomba wako