Mche wa Safu Nyuma ya Nyumba Yako

Plateau Boyoma, Kisangani,
tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Générose,

Nakusalimu kwa heshima na kwa moyo wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako likiwa limetulia, na baridi ya Liège ikiwa bado haijafika kwenye mifupa. Mwambie mwanao Orpha kwamba picha za watoto wake zilifika salama. Annette wangu amezitazama mpaka amewagawia watoto hao sura za marehemu wetu wote, na mdogo kabisa, asema, amepewa paji la uso la shemeji Noël. Sisi huku hatujambo. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na umeme tumezoea kuupokea kama mgeni asiyetoa taarifa ya kuja wala ya kuondoka.

Uliniagiza niandike, kwa kuwa katika simu kila mtu hupaza sauti na hakuna anayefikiri. Nakushukuru kwa agizo hilo. Jambo lenyewe unalijua. Ndugu yetu Daudi, mtoto wa baba mdogo, alipita hapa akitoka Bafwasende, akauona mche wa safu, yale matunda meusi ya kulainishwa motoni, umepandwa nyuma ya nyumba yako, akakupigia simu siku hiyo hiyo kwamba wale uliowaruhusu kulima uani wameanza kukunyang'anya kiwanja. Anashauri waondolewe kabla ya Noeli, na ua ugeuzwe depo ya saruji. Uamuzi ni wako peke yako. Wajibu wangu ni kukueleza nilichokiona, na kukitenga na kile kinachodhaniwa.

Hata hivyo, nisingetenda haki kama ningeanza na mche kabla ya shukrani. Kumbuka ua ulivyokuwa ulipoondoka: majani yalifika kifuani, nyoka walizaliana penye matofali ya zamani, na majirani walirusha takataka juu ya ukuta kana kwamba hapana mwenyewe. Nilipokuomba uwaazime ardhi hiyo watu waliotaka kulima lakini hawakuwa na pa kulima, hukuniuliza watakulipa nini. Uliniuliza tu kama ni watu wa kazi. Leo naweza kukujibu kwa uhakika.

Familia tano zinalima hapo. Mboga ya lenga-lenga imejaa upande wa jikoni, ngai-ngai na matembele vinafuata, na maharage yanapanda juu ya ule ukuta wa takataka. Anayewaongoza ni Maman Florentine, mjane wa Yanonge, aliyekuwa akiuza samaki mtoni mpaka mtumbwi wake ukavunjika na hakupata mwingine. Pamoja naye yuko Merdi, msichana mwenye diploma ya kilimo ambaye, kabla ya ua wako, hakuwahi kuwa na ardhi ya kutosha kusimika jembe. Wawili hao hubishana kutwa. Merdi hutaja kitabu, Florentine hutaja bibi yake, na mboga humea vizuri kwa heshima ya wote wawili.

Kila Jumamosi mavuno hutandazwa juu ya mikeka mbele ya lango lako. Sehemu huchukuliwa na waliolima, sehemu hununuliwa na majirani, na sehemu huenda kwenye chungu cha parokia, wanakopikiwa waliokimbia vita vya mashariki. Wamo watu wetu wa Lubero humo, Yaya. Juzi mama mmoja alimkamata Annette mkono na kumwuliza: «Huyu Maman Générose iko wapi? Tunakula kwake kila juma na hatuyamusalimia hata siku moja!» Nakufikishia salamu hiyo kama ilivyotolewa, maana ni yako.

Sasa niuelekee mche. Sitamlaumu Daudi. Alichokisema kina msingi, nami nilipouona mche huo mara ya kwanza nilishtuka vilevile. Wewe na mimi tulilelewa milimani. Tuliambiwa kwamba aliyeazimwa shamba hupanda maharage, hapandi mti. Kwani maharage huvunwa, mwenye shamba akarudishiwa lake, bali mti hubaki ukimsemea aliyeupanda hata akifa. Daudi alisimama juu ya mche ule na kusema: «Leo safu, kesho nyumba. Keshokutwa mutaita Yaya mugeni kwake!» Florentine hakuelewa hasira ile inatoka wapi. Alidhani amekanyaga kitu kitakatifu.

Nilimwita barazani, nikamweleza desturi yetu bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga mikono. «Papa Timothée, donc munazani niko mwizi wa parcelle? Safu inakawia miaka na miaka. Mimi mutu mukubwa hivi, nitakula lini?»

Nikamwuliza basi aliupanda kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo alipotaja ule mti mkubwa wa safu aliouacha shemeji Noël. Unakumbuka nilivyokuarifu mwaka jana kwamba dhoruba iliuangusha juu ya bafu ya nje. Jambo nisilolijua wakati ule ni kwamba wiki za mwisho kabla ya dhoruba, watoto wa wakulima walikuwa wakiokota safu chini yake kila asubuhi, wakiziweka penye majivu ya moto mpaka zilainike, na kuzila kwa chumvi na kwanga ya muhogo. Kokwa walizitupa katika shimo la mboji la Merdi. Mti ulipoanguka, kokwa kadhaa zilikwisha kuota. Florentine aling'oa zote isipokuwa moja, akailea kwa miezi, na mvua hizi zilipoanza akaipanda kando ya kisiki.

Unanijua, sikuridhika. Nilimwuliza Merdi kama kokwa hiyo haikuweza kutoka sokoni. Kabla msichana hajafungua mdomo, Florentine alidakia: «Eh, Papa! Nani atanunua safu sokoni, na safu zinamwangukia ku kichwa?» Merdi alicheka mpaka akaketi. Nilikubali kwamba hoja hiyo haikuwa na upenyo.

Kisha Florentine alisema neno ambalo tangu hapo sijaacha kulipima. Bibi yake alimfundisha hivi: «Ukikula kwa muti wa mutu, na ule muti ukaanguka, usiache mahali yake wazi.» Basi fikiri, Yaya. Sheria yetu ya milimani inamkataza mgeni kupanda mti, na sheria ya bibi wa mtoni inamkataza mgeni kuacha pengo. Zote mbili zinamheshimu mwenye ardhi. Zilikutana nyuma ya jiko lako, na hakuna hata moja iliyomjua mwenzake.

Nilipomaliza kumweleza hayo, hakubishana. Alisimama na kusema: «Basi tuutoe. Sitaki muti unifukuze ku lenga-lenga.» Alichimba kwa mikono akizunguka mizizi, akauinua mche na udongo wake, akauweka katika beseni lililotoboka. Uko kando ya mlango wa jikoni, una majani tisa, na haujanyauka. Daudi alipoonyeshwa, aliukubali ukweli wa beseni, kwamba mche haumo tena ardhini, ingawa juu ya depo bado anashikilia neno lake. Yeye anawaza urithi wa watoto wa Orpha, na fikira hiyo si ya kudharauliwa.

Basi ninakuandikia nini hasa? Ukiamua waondoke, nitawaambia mimi mwenyewe, mchana, kwa adabu, na nitawaachia muda wa kuvuna kilichokwisha kuchipua. Florentine ameanza kukusanya majembe pembeni bila kuambiwa na mtu, na Merdi ameacha kubishana, jambo linalonihuzunisha kuliko nilivyotarajia. Ukiamua wabaki, nakuomba neno lako liwe wazi, ili Daudi alisikie, nao wapande mbegu za msimu ujao bila kugeuka nyuma kila lango linapolia.

Maoni yangu hukuyaomba, nami nitayatoa mara moja tu. Depo itakihifadhi kiwanja. Watu hawa wamekihifadhi kiwanja, na pamoja nacho wamehifadhi kitu cha shemeji Noël ambacho sisi ndugu zake, tulioijua desturi barabara, tulikipita kila siku tukienda kuoga.

Annette anakusalimu sana, na anauliza kama kitenge kilifika. Mpe Orpha na mume wake salamu zangu, na watoto wote, hasa yule mwenye paji la uso. Jirani yako Delphine anakukumbuka katika sala. Florentine hakuthubutu kutuma salamu. Nimezituma kwa niaba yake. Mungu aliyekuvusha maji yote hayo akulinde humo ulimo, na akurudishe hapa kwa miguu yako, goti likiwa limepona.

Ninabaki mdogo wako akupendaye na kukutii,

Mumbere Timothée

Shimo la mche bado liko kando ya kisiki. Nilitaka kulifukia, kwa kuwa sipendi shimo lisilo na kazi, Florentine akanizuia: «Acha, Papa. Ile ni ya Maman Générose. Atakuja kupanda na mukono yake mwenyewe.» Basi nimelifunika kwa ubao, kwa sababu ya kuku.