Sweta ya Nekoye

Jumamosi, 7 Juni 2025
Baridi ya Thika imeingia kwenye mifupa. Nimemaliza kofia ya mjukuu wangu Muthoka, mtoto wa mwanangu Muema — ya manjano, imemkaa sawasawa! Kwenye duka la nyuzi la Carolyne wateja wote waliisifu. Carolyne akauliza uzi nimetoa wapi. Nikasema kikapuni kwake. Si uongo. Sisi wafumaji tukichoka na kazi tunaiacha mle, na mwingine anaimalizia, au anaifumua atumie uzi. Isipokuwa ikiwa imefungwa uzi mwekundu. Hiyo haiguswi, mwenyewe atarudi.

Hii niliyoichukua ilikuwa na uzi mwekundu. Niliuona. Sweta ya mtoto mchanga, mkono mmoja tu, imekaa mwaka mzima ikila vumbi. Nikaukata, nikaifumua sweta nifume kofia. Nani angekuja?

Jumatano, 11 Juni
Amekuja.

Anaitwa Nekoye, wa Ruiru, mwembamba, anaongea polepole. Sweta aliifuma mwaka jana wodini, mtoto wake akiwa ndani ya ile mashine ya watoto njiti. Mtoto aliishi siku kumi na moja. Hakuweza kukaa na sweta nyumbani, wala kuitupa, ndiyo akaileta hapa. Sasa anataka kufuma mkono wa pili. Carolyne akamwaga kikapu chote mezani. Nami nikamsaidia kutafuta — mimi huyu! Akaambiwa labda imewekwa stoo, arudi Jumamosi ya wiki ijayo.

Nilifika nyumbani nikimwogopa mjukuu wangu mwenyewe. Nilimvua kofia, akalia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeifumua kofia. Uzi uliobaki ninao. Nimeuloweka, nimeuanika, bado una mikunjo midogo midogo. Ni vidole vya yule mama. Naona aibu kuushika.

Nitaifuma upya. Vitanzi sitini, kola ya mviringo. Nakumbuka pia alivyokosea: huku amekaza, huku amelegeza, kitanzi kimeruka kifuani. Lakini upande gani?

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Nikifuma nasikia kitu kama mashine ya hospitali — pi, pi, pi. Nikasema ni friji. Nimezima friji tangu jana, maziwa yameharibika. Bado nasikia.

Nimejaribu kukosea kama yeye. Vidole vinakataa. Miaka thelathini nafuma masweta ya shule, vinanyoosha safu vyenyewe. Nafumua, narudia, inatoka safi.

Jumanne, 17 Juni
Sweta imeisha, ya mkono mmoja kama ilivyokuwa. Muthoka ameletwa tena, sikumbeba. Muema akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 21 Juni
Naandika hapa hapa dukani. Wanadhani naandika vipimo.

Nilifika mapema nikaichomeka sweta chini kabisa ya rafu ya stoo, na uzi mwekundu nimefunga. Carolyne mwenyewe ndiye aliyeipata. Nekoye akaiweka mapajani, akapitisha kidole safu kwa safu, kifuani, begani. Nilijua amejua. Nikafungua mdomo niseme.

“Mama Muema, si uone,” akaniambia. “Mi nilikuwa nadhani niliiharibu. Mikono ilikuwa inanitetemeka sana huko wodi. Mwaka mzima najilaumu, hata sweta ilinishinda. Kumbe niliitengeneza poa.”

Akacheka, kisha akalia. Carolyne akamshika bega. Nikafunga mdomo. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akavuta kiti karibu nami, akaanza mkono wa pili. Amefika safu ya sita. Nilikuwa naomba kimya kimya mwaka uwe umemfundisha. Haukumfundisha. Huku amekaza, huku amelegeza, kitanzi kimoja kimeruka. Ndivyo anavyofuma, basi. Ndivyo alivyomfumia mtoto wake.

Ameulaza kando ya ule mkono niliofuma mimi. Anaangalia huu, anaangalia ule. Carolyne ameacha kukunja nyuzi.

“Mama Muema,” ananiuliza, “leo sitetemeki. Mbona inatoka hivi?”