Ruka Shimo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tena. Mchanga wa shimo la kuruka mbali umeshikana, tumeulainisha kwa majembe kabla ya mazoezi. Bado tunaruka kutoka kusimama: magoti yakunjwe, utue kwa miguu miwili. Watoto wamechoka, wanataka kukimbia. Wasubiri. Konsolata wa darasa la sita anatua kwa mguu mmoja kila mara, tena ukingoni. Amenikera kweli.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeelewa, nikishuka nao kupitia mashamba. Hapa Maguu kote ni ngolo, mashimo yenye matuta pembeni yanayozuia mvua isibebe udongo. Watoto wanayavuka mbio, tuta hadi tuta. Ukitumbukia umebomoa tuta la maharage, utachapwa. Na mimi kutwa nawaambia "ruka shimo"! Kwao kuruka shimo ni kulivuka. Mtu wa Singida ningejuaje? Kuanzia kesho nasema: tua mchangani.

Jumatatu, 18 Machi

Konsolata ametua katikati, miguu miwili. Nimefurahi kama mjinga. Lakini mbio fupi tu kwa sasa. Shimo letu ni dogo, mchanga ulioletwa kutoka ziwani Mbamba Bay haukutosha, na mwisho wake kuna tofali. Nimemwomba mkuu wa shule tulirefushe kwanza. Kasema tutaona. Ijumaa afisa michezo anakuja kuchagua timu. Konsolata akichaguliwa atapata ufadhili wa kuendelea na shule. Nyumbani kwao wameshasema la saba ndio mwisho.

Ijumaa, 22 Machi

Mkuu alitaka kumfurahisha mgeni, akaamuru mbio ndefu. Nilikataa mbele ya watu. Akaniambia nikae. Nikakaa. Mtoto akatimua mbio, mkuu akapiga kelele, "Ruka shimo, Konsolata! Ruka shimo!"

Akaruka shimo. Lote. Mguu mmoja, juu ya tofali. Sitaki kuandika ule mlio.

Jumamosi, 23 Machi

Muundi umevunjika, goti nalo limeharibika. Daktari wa Mbinga hakuzunguka: kuruka sasa basi. Mkuu anasema ni ajali ya michezo. Namchukia. Najichukia pia, kwa kukaa.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya misa nimepita kwao. Konsolata yuko barazani, mguu kwenye hogo zito la plasta. Mama yake anapalilia maharage mteremkoni. Mtoto akanipa shikamoo, kisha akauliza polepole kama alilivuka lile shimo.

Nikamwambia ndiyo, alilivuka lote. Akatabasamu. Tukakaa tukimenya ndizi mpaka mama yake akapanda kutoka shambani.